Maswali Yenu: Mbwa wa "Kikombe", Kilo Zake na Bei Yake

Mwezi huu sanduku la barua limejaa mbwa wasiofika kilo tatu, wale wanaouzwa kwa jina la "teacup", yaani kikombe cha chai. Majibu yametayarishwa na jopo letu la madaktari wa mifugo na wazalishaji wa mbwa wadogo. Majina ya waliotuandikia tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

Habari za kazi. Natafuta Pomeranian. Muuzaji mmoja ana bei tatu kwa uzao mmoja: "standard", "toy" na "teacup", na huyo wa mwisho anauzwa mara tatu ya wa kwanza. Anasema baba yao ana jeni ya teacup. Je, hizi ni aina tatu tofauti? — Msomaji, Ruaka

Ni aina moja yenye bei tatu. American Kennel Club ya Marekani, The Kennel Club ya Uingereza na shirikisho la kimataifa la FCI, ambao viwango vyao ndivyo vinavyofuatwa karibu kila mahali, hawana daraja liitwalo "teacup". Hawana "micro" wala "pocket" pia. Hayo ni maneno ya tangazo, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyaandika chini ya picha.

Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba yapo maneno ya ukubwa yaliyo rasmi. "Toy" huko Marekani na Uingereza ni jina la kundi zima la mbwa wadogo, na Pomeranian wote wamo humo, mzito na mwepesi. Kumwita mtoto mmoja wa uzao "toy" na ndugu yake "standard" ni kuchukua jina la kundi na kuliuza kama sifa ya mtoto mmoja. Kwa Poodle mambo ni tofauti: hapo "toy" ni kimo cha begani, kisichozidi inchi 10 (sm 25.4) kwa Wamarekani, na kati ya sm 24 na 28 kwa FCI. Dachshund wa FCI hugawanywa kwa utepe unaozungushwa kifuani, mizani haihusiki. Miniature Pinscher, licha ya wanavyosema mitaani, si Doberman aliyepunguzwa. Ni aina ya peke yake. Na "imperial" inayobandikwa kwa Shih Tzu wadogo haimo kwenye kiwango chochote. Kiwango cha Marekani kinamtaka Shih Tzu wa ratili 9 hadi 16, yaani kilo 4 hadi 7 na ushee.

Sasa Pomeranian wako. Wamarekani wanamkubali kuanzia kilo 1.4 hadi 3.2. Waingereza wanataka dume wa kilo 1.8 hadi 2 na jike wa kilo 2 hadi 2.5. Jike amewekewa uzito mkubwa kuliko dume, na mzalishaji yeyote atakwambia sababu: ndiye atakayebeba mimba. Kwa aina nyingine zinazouzwa sana mijini kwetu, Yorkshire Terrier hapaswi kuzidi kilo 3.2, Maltese wa FCI ni kilo 3 hadi 4, na Chihuahua wa FCI anatakiwa awe kati ya kilo 1.5 na 3, huku Wamarekani wakiishia kilo 2.7. Kwa hiyo Pomeranian anayekua na kuishia kilo 1.5 yumo ndani ya kiwango cha Wamarekani. Hahitaji jina jipya, na bei ya mara tatu haina msingi.

Jeni ya "teacup" haipo. Ukubwa wa mbwa huendeshwa na jeni nyingi kwa pamoja. Iliyo mashuhuri ni IGF1, iliyotambuliwa mwaka 2007, nayo inaeleza takriban asilimia 15 tu ya tofauti ya ukubwa kati ya mbwa na mbwa. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba badiliko lake la udogo lilikuwamo hata kwa mbwa mwitu wa Siberia aliyeishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Muuzaji anayetoa watoto wadogo kupita kiasi amefanya moja kati ya mambo manne: amepandisha wadogo kwa wadogo kwa vizazi kadhaa, amemchukua mtoto dhaifu wa uzao akampa cheo, amewapunja chakula, au amedanganya umri. Hilo la mwisho ndilo jepesi kuliko yote.

Nimeletewa mtoto wa Chihuahua wa gramu 700. Muuzaji anasema ana wiki 12 na hatazidi kilo moja na nusu. Nitajuaje? — Nakuru

Kwa mbwa wa aina hizi, makadirio ya kawaida ni kuchukua uzito wa wiki 12 ukauzidisha mara mbili na kidogo, au uzito wa wiki 8 mara tatu na kidogo. Gramu 700 kwenye wiki 12 zinakupeleka kwenye kilo 1.5 hivi. Gramu zilezile kwenye wiki 8 zinakupeleka kwenye kilo 2.2 au 2.4, ambaye ni Chihuahua wa kawaida kabisa. Mtoto ni yuleyule na mizani ni ileile; kilichobadilika ni tarehe ya kuzaliwa aliyoandika muuzaji. Ndiyo maana "kikombe" wengi wa mitandaoni hukua wakawashangaza wenyewe kabla ya mwaka kwisha. Hao ndio wenye bahati.

Umri utazame mdomoni. Mtoto wa mbwa huzaliwa bila meno. Meno ya mbele na chonge za utotoni huanza kutokeza kati ya wiki ya 3 na ya 6, na magego madogo ya nyuma hufuata, hadi yatimie 28. Mbwa wadogo huchelewa wiki moja au mbili, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa jino moja. Lakini akiambiwa ana wiki 12 na nyuma ya chonge bado ni fizi tupu, anayumba akitembea, macho yana ukungu wa buluu na chakula kikavu hawezi kukitafuna, huyo ana wiki 5 au 6 na ametolewa kwa mama mapema. Kuna na kinyume chake: meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi mitano. Ukiona pengo au jino pana jipya kwa mtoto anayedaiwa kuwa na wiki 8, mbele yako yupo mbwa mkubwa kiumri aliyedumaa, na lazima ujue kilichomdumaza ni nini: minyoo, njaa, ini au moyo.

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila siku saa ileile, kabla ya kula, uandike. Mtoto mwenye afya hupanda. Akisimama siku mbili au akashuka, mpigie daktari hata kama anacheza.

Shikamoo daktari. Tulinunua Yorkshire wa wiki saba, gramu 480. Siku ya tatu alfajiri tulimkuta amelala ubavu, wa baridi, anatetemeka, hatutambui. Jirani akasema ni degedege la minyoo. Tulimnywesha maziwa akapaliwa. Yuko hai ila naogopa itarudi. — Mama wa Mbezi Beach

Marahaba mama, na pole. Kwa dalili hizo, la kwanza kufikiria ni sukari ya damu kushuka, na ndiyo inayoua watoto wengi wa saizi hii katika juma la kwanza nyumbani kwa mnunuzi. Ini lao ni dogo, akiba ya sukari ndani yake ni ya saa chache, mafuta mwilini hakuna, na mwili mdogo hupoteza joto haraka. Mkiongeza safari, nyumba mpya, baridi ya usiku na mlo mmoja uliorukwa, akiba inakwisha kabla ya jua kuchomoza. Minyoo huchangia kwa kumnyang'anya chakula, kwa hiyo jirani hakukosea kabisa, lakini dawa ya minyoo si huduma ya kwanza.

Ikirudi, fanyeni hivi. Koroga kijiko kimoja cha chai cha glukosi ya unga katika vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu. Asali nayo inafaa. Chovya kidole, upake kwenye fizi na chini ya ulimi, kidogokidogo, huku kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Usimimine. Mnyama asiyejitambua hamezi, na alichopaliwa nacho kinaingia mapafuni. Ndiyo hatari ya yale maziwa, na akianza kukohoa au kuhema haraka siku hizi mbili mpelekeni akasikilizwe kifua. Usitumie sukari mbadala ya wagonjwa wa kisukari: yenye zailitoli humshusha mbwa sukari zaidi. Mfunike, weka pembeni chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, asiguse chupa yenyewe. Kwa kawaida ndani ya dakika tano hadi kumi ataanza kuinua kichwa. Akiweza kusimama na kumeza, mpe chakula laini cha watoto wa mbwa, kijiko kimoja au viwili, kisha nendeni kwa daktari hata kama amechangamka, kwa sababu glukosi hupanda upesi na kushuka upesi.

Kuzuia ni kazi ya ratiba. Alishwe mara nne hadi sita kwa siku, mlo wa mwisho saa nne au saa tano usiku, wa kwanza alfajiri. Chakula kiwe cha watoto wa mbwa wadogo, kilicholowekwa maji. Ugali na mchuzi hujaza tumbo lenye ukubwa wa limau bila kumpa nguvu anayohitaji, na maziwa ya ng'ombe humharisha. Alale pasipo na upepo, na watoto wa nyumbani wasimchezee mfululizo hadi achoke. Nusu saa ya mchezo, kisha alale.

Wengi huachana na tatizo hili wakifika miezi minne. Likiendelea baada ya hapo, au akiwa anazubaa na kuzungukazunguka baada ya kula, mwambieni daktari achunguze ini. Yorkshire na Maltese ni miongoni mwa aina zinazozaliwa na mshipa unaoikwepa ini, damu ikapita bila kusafishwa. Kipimo chake ni cha asidi za nyongo, kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Kwa kawaida mbwa hufungishwa saa 12, lakini huyu wenu hawezi kukaa na njaa muda huo. Daktari ndiye apange muda.

Na huyo aliyewauzia mtoto wa wiki saba, gramu 480, alijua. Mzalishaji makini wa aina hizi hamtoi mtoto kabla ya wiki 12.

Utosi wa Chihuahua wangu ni laini, naona kama unapwita. Daktari mmoja ameniambia ni ugonjwa, muuzaji anasema ni alama ya Chihuahua halisi. — Kigamboni

Wote wawili wamesema nusu. Utafiti wa Helsinki uliochapishwa mwaka 2021 ulichunguza Chihuahua 50 na kukuta asilimia 92 wana angalau upenyo mmoja kwenye mifupa ya fuvu ambao haujafunga, na waliokuwa wepesi zaidi walikuwa na mapenyo mengi na makubwa zaidi. Kwa hiyo ni jambo la kawaida katika aina hii, lakini si nembo ya kujivunia. Mlinde kichwa. Akiwa na macho yanayotazama nje na chini, anatembea kwa duara, anachelewa kuelewa mambo au anapata kifafa, apimwe kama ana maji kwenye ubongo.

Nina Chihuahua jike wa kilo 1.6, ana miaka miwili. Rafiki ana dume wa kilo 1.3 na wateja wa "micro" wapo tayari. Naomba ushauri wa chakula na kalsiamu ya wakati wa mimba. — Nyali, Mombasa

Ushauri ni usimpandishe.

Jike wa kilo 1.6 hana nafasi. Mara nyingi hubeba mtoto mmoja au wawili, na mtoto akiwa peke yake hukua kujaza nafasi yote. Kichwa cha Chihuahua ni cha mviringo na kikubwa kuliko nyonga anayopaswa kupita. Udogo wa dume haukuhakikishii mtoto mdogo: ukubwa hurudi kutoka kwa mababu, na jeni za bibi wa kilo 3 zinaweza kumtokea mjukuu ndani ya tumbo la mama wa kilo 1.6. Mwisho wake ni upasuaji, aghalabu usiku, kwa mnyama anayepoteza joto haraka mezani na ambaye dawa ya usingizi inapimwa kwa sehemu za mililita. Anayetaka watoto wadogo kwa njia inayokubalika hutumia jike wa kilo 2.3 kwenda juu, mpana wa nyonga, aliyezaliwa na mama aliyejifungua mwenyewe, na dume ndiye anayekuwa mdogo.

Kama tayari amepandwa, mambo yafuatayo hayana mjadala. Piga eksirei baada ya siku ya 55 uhesabu watoto na ulinganishe vichwa na nyonga. Mimba huchukua siku 63 tangu yai kutoka. Kuanzia siku ya 57 pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, uchungu uko ndani ya saa 24 hivi, na daktari ajulishwe wakati huo, usingoje usiku wa manane. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, au zikapita saa mbili kati ya mtoto na mtoto, au akitoa ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, ni gari na hospitali.

Kalsiamu usimpe wakati wa mimba. Hapa watu wengi wenye nia njema wanaharibu. Mwili unaopewa kalsiamu ya chupa huzembea kutoa ile ya mifupani; siku maziwa yanapoanza kuivuta kwa wingi, tezi zinazopaswa kuitoa zimelala. Ndipo mama wa wiki mbili au tatu baada ya kuzaa anaanza kuhema, kukakamaa, kutetemeka na kupanda homa. Hiyo ni dharura, hutibiwa kwa kalsiamu ya mshipani, polepole, moyo ukisikilizwa. Chakula cha watoto wa mbwa katika theluthi ya mwisho ya mimba na wakati wa kunyonyesha kinatosha.

Watoto wangu wanabisha kuhusu mbwa mfupi kuliko wote duniani. — Morogoro

Ni Pearl, Chihuahua wa Florida, Marekani, aliyetambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2023 kuwa mfupi kuliko mbwa wote walio hai, kwa kimo cha sm 9.14. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Milly, wa ukoo huohuo, sm 9.65.

Mimi ni muuzaji. Nazalisha Maltese na Yorkshire, majike wanne. Kila mteja anauliza "una teacup?" Nikisema sina, wanakwenda kwa mwingine. Naweza kutumia neno hilo bila kuwa mwongo? — Arusha

Huwezi, na sababu haiishii kwenye uongo. Ukitoza bei kubwa kwa mtoto mdogo zaidi, umejiwekea faida kwenye kitu kilekile kinachomdhuru. Mwaka wa kwanza utamuuza aliyezaliwa mdogo kwa bahati mbaya. Mwaka wa pili utaanza kumtafuta. Mwaka wa tatu utabakiza majike wadogo kuwa wazazi, na madhara tuliyoyaeleza kwa msomaji wa Nyali yatakuwa kwako.

Andika namba. Tangazo linalofaa ni kama hili: "Maltese, dume, amezaliwa tarehe fulani, wiki 12, gramu 1,350 leo asubuhi kabla ya kula. Mama kilo 3.1, baba kilo 2.9, mama yupo nyumbani utamwona. Makadirio ya ukubwani kilo 2.8 hadi 3.3. Chanjo mbili, dawa ya minyoo mara nne, tarehe ziko kwenye kadi. Magoti, moyo, utosi na korodani vimekaguliwa na daktari. Ukishindwa kumfuga, anarudi kwangu." Picha iwe ya mtoto amesimama karibu na rula. Kumtia kwenye kikombe au kiganjani hakumwambii mtu chochote, kwani viganja navyo vina saizi zake.

Kabla ya kupandisha, wazazi wote wawili wakaguliwe magoti. Pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti) ya mbwa wadogo huchomoka kwenda ndani, na daktari huipa daraja la 1 hadi la 4. Daraja la 1 hutoka ikisukumwa na kurudi yenyewe. La 4 iko nje daima na hairudi hata kwa mkono. Anayeruka mguu mmoja hatua tatu kisha akaendelea kama hakuna kitu tayari anakuonyesha. Wa daraja la 2 kwenda juu asizae. Kwa Yorkshire na Maltese ongeza kipimo cha ini tulichokitaja juu. Hesabu meno: mbwa mkubwa ana meno 42, awe Boerboel au Maltese, na kadiri taya linavyopunguzwa ndivyo yanavyobanana, chakula kinakwama na fizi zinaoza. Chonge za utotoni zilizobaki baada ya miezi saba zing'olewe.

Akitokea mdogo kweli kweli, inatokea kwa kila mzalishaji, kaa naye hadi wiki 16. Mpime kila siku. Muuze kwa bei ya ndugu zake au pungufu, kwa maandishi kwamba hatazalishwa, na afadhali awe amehasiwa wakati ukifika. Mweleze mnunuzi dalili za sukari kushuka kabla hajatoa pesa.

Wenzetu wengine wameliweka hili kwenye sheria. Kifungu cha 11b cha sheria ya ustawi wa wanyama ya Ujerumani kinakataza kuzalisha pale inapotarajiwa kwamba kizazi kitateseka kwa maumbile kiliyorithi, na kanuni za England za mwaka 2018 zinamkataza mwenye leseni kumzalisha mbwa ambaye umbo, jeni au afya yake inatazamiwa kumdhuru yeye au watoto. Huku kwetu tuna sheria za jumla, Sura ya 360 ya Kenya dhidi ya ukatili kwa wanyama na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008. Wateja utawapoteza, ni kweli. Watakaobaki ni wale wanaopiga simu mwaka wa pili kumtaka ndugu yake.

Mbwa wangu akivuta kamba anakohoa kama bata bukini. — Thika

Vua mkanda wa shingoni leo, mvalishe wa kifuani. Kwa mbwa wadogo pete za koo la hewa hulegea na kubonyea, na mkanda wa shingoni hukandamiza palepale. Mpunguze uzito kama amenenepa, epuka moshi wa mkaa, na daktari amsikilize, kwani kikohozi cha moyo hufanana nacho.

Niko Leicester. Muuzaji wa "teacup" anataka tukutane kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu anikabidhi. Dada yangu naye, yuko Minneapolis, anataka tumpelekee mtoto wa wiki kumi kutoka Nairobi.

Usiende. England tangu Aprili 2020 imepiga marufuku biashara ya madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita; unanunua kwa aliyemzalisha, mahali alipozaliwa, ukimwona akiwa na mama yake, na asiwe chini ya wiki 8. Anayekuja na mtoto mkononi barabarani hana mama wa kukuonyesha.

Dada yako itabidi asubiri. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 Marekani haimpokei mbwa aliye chini ya miezi sita, awe anatoka nchi gani. Kenya, kama Tanzania na Uganda, imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo aliyechanjwa huku huongezewa masharti ya chipu, vyeti na kituo kilichosajiliwa cha kumpokea.

Muuzaji anataka nusu ya pesa kwa M-Pesa ndipo amsafirishe Maltese wa kikombe. Picha ni nzuri sana. — Eldoret

Picha nzuri sana ndiyo dalili ya kwanza. Mwombe video ya moja kwa moja, mtoto akiwa juu ya mizani na kando yake karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Tapeli ataleta sababu. Ukilipa, kesho kuna ada ya kreti, keshokutwa bima, kisha "karantini". Pesa itoke siku umesimama mbele ya mama wa mtoto. Cheti cha ukoo kutoka East Africa Kennel Club ni jambo zuri, ila kinathibitisha usajili. Magoti na ini hakivijui.

Mbwa wangu mzima ana kilo 1.1. Kupe wamemjaa. Duka la pembejeo limenipa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nimeambiwa nipunguze tu. — Kitengela

Irudishe. Nyingi ya dawa hizo zina amitrazi, na Chihuahua na mbwa wadogo huathirika nayo vibaya: wanalegea, moyo unapiga polepole, joto linashuka. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe ni vilevile. Ina miligramu 10 kwa mililita. Kosa la mililita 0.1, ambalo kwa ng'ombe si kitu, kwa huyu wako ni karibu miligramu 0.9 kwa kilo, zaidi ya mara nne ya kiasi anachopewa ng'ombe kwa kilo yake.

Hapa ndipo udogo uliolipiwa pesa nyingi unapokuja na gharama yake. Vidonge vingi vya kupe vinaanzia kilo 1.3 au kilo 2. Chini ya hapo hakuna boksi lililoandikwa kwa ajili yake, na kukata kidonge cha mbwa wa kilo kumi hakukupi dozi, kwa sababu dawa haijagawanyika sawa ndani yake. Leo waondoe kupe kwa kibano, shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuminya tumbo. Kwa chanjo, dozi haikatwi nusu. Ila mbwa wepesi hupata mzio zaidi chanjo nyingi zikichomwa siku moja, kwa hiyo ya kichaa cha mbwa itenganishwe na nyingine kwa wiki mbili au zaidi, na mbaki kliniki nusu saa baada ya sindano. Kwa kupe, daktari akuandikie dawa kwa miligramu, na ampime kwa gramu siku hiyohiyo kabla ya kukuandikia.